Kufuli la Ijumaa

Hashil alikuwa ameshatoka. Mguu mmoja ulikuwa ukumbini na mwingine bado unatafuta kiatu, maana chumba cha mashine hakiingiwi na viatu kwa sababu ya vumbi, ndipo Gaudens alipomwita kutoka ndani.

"Mzee Hashil, foleni umeshapanga?"

"Nimepanga yote. Wewe kaa, kunywa chai, usiguse kitu. Nyie watu wa Bukoba mkiona kitufe lazima mkibonyeze, mpate cha kusimulia."

"Sawa, Mwarabu wangu. Na bi mkubwa, mama yetu, kaamkaje huko hospitali?"

"Kaamka na usemi wake. Kaniuliza nimekula nini, nikamwambia, akasema hicho si chakula."

"Basi anapona. Niombee na mie huko."

"Wewe uko nyuma ya foleni," Hashil akasema, akavaa kofia na kushuka ngazi. Nje, Kinondoni nzima ilikuwa inafunga milango ya maduka nusu nusu na kuelekea misikitini.

Kati ya watu hawa wawili palikuwa na mapatano ya miaka mingi. Ijumaa mchana Hashil anakwenda kuswali, Gaudens anabaki na mashine. Jumapili Gaudens anakwenda kanisani na mkewe Bupe, Hashil anabaki. Hakuna bosi aliyeyapanga hayo. Na kwa kuwa si adabu kumwachia mwenzako mzigo, kila mmoja kabla ya kuondoka alikuwa anamaliza kazi zote za mchana na kuziweka mlangoni mwa mashine zitoke zenyewe, ili anayebaki asisumbuke. Huo ulikuwa ustaarabu wao. Ungekwenda ofisi nyingine usingeukuta. Huko mtu akiondoka anakuachia fujo na harufu ya samaki.

Mashine yenyewe ni ya ile aina kubwa, kompyuta moja inayobeba kazi ya mamia, na kwa kuitazama ni kama kabati la nguo la milango miwili. Wafanyakazi walimwita Jumbe, kwa kuwa hakuna jambo lililopita pale bila kupita kwake. Kampuni ilikuwa inatunza kumbukumbu za bima za wagonjwa wa hospitali na zahanati za watu binafsi, kuanzia Kawe mpaka ng'ambo Kigamboni. Nani kalazwa, anaumwa nini, atibiwe nini, na siku akipona au akifa, kibali cha kumtoa. Vyote vilikaa tumboni mwa Jumbe, vikatoka kwa mafaili kwenda hospitalini.

Kwa miaka yote mafaili hayo yalisafiri wazi. Wazi maana yake kila mkono unaopitia njiani, ukitaka, unasoma. Watu walijua hivyo na hawakujali, kwa sababu halikuwa limemkuta mtu wao.

Mwaka uliotangulia likamkuta Raudha, binti wa marehemu dada yake Hashil. Raudha alikuwa na kifafa. Alikuwa anakunywa dawa, hajaanguka muda mrefu, na nje ya nyumba hakuna aliyejua. Akaja kuposwa na kijana anaitwa Yazid. Faili la zahanati likapita mahali fulani, mtu akalisoma, mtu huyo akamwambia shangazi yake, na shangazi ni jirani wa akina Yazid. Wiki haikuisha, posa ikavunjika. Hawakutukana wala hawakusema sababu. Walimtuma mzee mmoja mwenye maneno mazuri, akanywa kahawa, akasema riziki ni ya Mungu, akaaga.

Hashil hakupiga kelele nyumbani. Alikwenda kupigia kelele ofisini. Akataka kila faili linalotoka kwa Jumbe lifungwe kwa siri, lisimbwe kama wanavyosema wenye elimu yao, asiye na ufunguo asione kitu. Mkurugenzi wa kampuni, Benedicta, mama wa makamo kutoka Songea, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, mie sikatai," akasema. "Ila wataalamu wananiambia kufunga kuna gharama yake. Mashine itachoka. Itachoka kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Una uhakika?"

"Muscat tulikuwa tunafunga kila kitu, mama, na kazi ilikwenda."

Alisema kweli, lakini kweli ya nusu. Kule Muscat, alikofanya kazi ujanani, mashine ilikuwa na kadi maalumu ya kufungia, inafanya kazi hiyo peke yake bila kuusumbua ubongo wa mashine. Jumbe hakuwa na kadi hiyo. Hashil aliijua tofauti, ila alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hupenda hesabu inayomfaa. Ombi la kadi likapelekwa, likakaa. Kufuli likawekwa bila kadi.

Liliwekwa Jumanne, siku tatu kabla ya Ijumaa hii. Wakajaribu kwa faili moja kubwa la kwenda Segerea. Likatoka limefungwa, likafika, likafunguliwa, watu wakapeana mikono. Jumatano na Alhamisi Jumbe alikuwa anahema juu juu kidogo lakini hakuna hospitali iliyolalamika.

Ambacho hakuna aliyekifikiria ni Ijumaa. Faili lililofungwa haliendi kama lililo wazi. Kwanza mashine mbili lazima zisalimiane: wewe nani, toa kitambulisho, na mie changu hiki, haya tukubaliane ufunguo. Mzigo ukiwa mdogo, salamu hizo zinakula nguvu kuliko mzigo wenyewe. Ukiwa na faili moja kubwa, salamu moja imetosha. Lakini mafaili ya Ijumaa yalikuwa madogo madogo, moja kwa kila mgonjwa, maelfu, na Hashil kwa ustaarabu wake aliyaachia yote mlangoni kwa pamoja. Kila moja likaanza kusalimia upya. Ni kama umealika mji mzima karamuni, halafu mwenye nyumba asimame mlangoni, kila mgeni ampe shikamoo, aulizie watoto, aulizie mbuzi, ndipo amfungulie. Chakula kitapoa.

Hashil alipokwisha kuswali akatoka, akawasha simu. Ilikuwa imejaa simu za nyumbani. Azzam, Azzam, Raudha, Azzam. Hakuhitaji kupiga ili ajue. Alisimama palepale kwenye viatu vya watu, akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, halafu akatafuta bodaboda ya kwenda Temeke.

Bi Khulud, mama yake Hashil, alikuwa amelazwa Temeke kwa moyo tangu wiki iliyopita, hospitali ya mtu binafsi karibu na nyumbani. Alikuwa ameomba maji, Raudha akamnyanyua kichwa, na kabla kikombe hakijafika akawa ameshakwenda. Raudha ndiye aliyemfumba macho.

Azzam, mdogo wake Hashil, alikuwa ukumbini amekunja mikono ya kanzu. Yeye ana duka la kanga na vitenge lililokuwa la baba yao, na ni mtu wa kupanga mambo.

"Tunazika leo baada ya Alasiri," akasema, hata kabla hawajakumbatiana sawasawa. "Kaburi linachimbwa. Sanda imekatwa. Wanawake wa kuosha wako kwangu, maji yako jikoni. Tunachosubiri ni hiki kikaratasi chao tu."

"Kikaratasi gani?"

"Kibali cha bima cha kumtoa. Kijana pale dirishani anasema hakijaja."

Hashil akamwacha hapo. Akasogea dirishani. Kijana anaitwa Edgar, ana tai, mpole.

"Shikamoo mzee. Poleni sana kwa msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Hicho kibali vipi?"

"Tuliomba tangu saa ile ile alipofariki, mzee. Ombi limefika kwao, naona limepokelewa. Majibu ndiyo hayajarudi. Mfumo haujasoma."

"Wakikuandikia karatasi na muhuri, nikakuletea kwa bodaboda?"

"Zamani tungepokea. Siku hizi mpaka nione kwenye mfumo. Kuna mtu alileta karatasi ya uongo, akatutolea maiti isiyo yake. Aliyeipokea amefukuzwa." Akashusha sauti. "Na mzee, bora ujue mapema. Chumba cha maiti kinafungwa jua likizama. Mwishehe anayekitunza akishafunga, ufunguo analala nao, mpaka asubuhi."

Sasa, katika nyumba ile kulikuwa na neno moja ambalo kila mtu alilijua. Bi Khulud alikuwa analisemaga hata watu wakiwa wanakula. Nikifa msinilaze kwenye friji kama samaki wa soko la Feri. Nikifa asubuhi nizikeni mchana, nikifa mchana jua lisinichwee. Baridi niliiogopa nikiwa hai. Walikuwa wanacheka, wanamwambia mama acha hayo, naye anasema cheka tu, lakini umesikia. Hashil alikuwa amemwekea ahadi, kama wana wote wanavyoahidi, akijua ni jambo jepesi.

Akatoka nje kwenye kibaraza, akampigia Gaudens.

"Pole sana, mzee," Gaudens akasema. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Nimeliona ombi lilipoingia. Nimelipitisha mwenyewe hapo hapo, nikajua ndiye bi mkubwa. Lakini haliendi."

"Liko wapi?"

"Liko mlangoni na wenzake. Prosesa, ule ubongo wake, imejaa mpaka juu, mzee, Jumbe hana hata pumzi ya kunijibu mie. Nikibonyeza herufi inakuja baada ya muda. Mafaili yote ya mchana uliyoyaachia yanasalimiana. Yanakatika njiani, yanaanza tena."

Hashil alifumba macho. Aliliona lote kwa mara moja, kama mtu anavyoiona nyumba yake ikiungua kutoka ng'ambo ya barabara.

"Huwezi kuyasimamisha?"

"Nimejaribu. Yaliyo katikati nikiyakata hospitali zinayaomba upya, foleni inarudi ilivyokuwa. Na humo ndani kuna vibali vya wengine pia. Kigamboni wanapiga simu, Kawe wanapiga simu. Mzee, kuna njia moja."

"Najua."

"Nifungue kufuli la lango. Muda mdogo tu. Yakishakuwa wazi hayana salamu ndefu, yatatoka yote kama maji. Na lako lipo humo. Halafu nalirudisha. Nani atajua?"

Kufuli la Jumbe halikuwa la faili moja moja. Lilikuwa la lango zima. Ukilifungua kwa ajili ya mmoja, maelfu wanatoka uchi, kila jina na ugonjwa wake pembeni, njia ile ile lilikopita jina la Raudha.

"Subiri kwanza," Hashil akasema.

Alipogeuka, Azzam alikuwa nyuma yake. Raudha naye alikuwa amekaa ukingoni mwa kibaraza, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi. Hawakuwa wamesikia upande wa Gaudens, lakini upande mmoja uliwatosha.

"Kumbe ni kwenu," Azzam akasema. "Kibali cha Mama kimekwama kwenye mashine yako."

"Ndiyo."

"Na inaweza kufunguliwa."

"Inaweza. Lakini watatoka na watu wengine wote. Magonjwa yao."

"Watu gani? Unawajua?"

"Siwajui."

"Basi wasikuumize kichwa. Mie namjua mmoja, yuko mle ndani, na wewe ulimwahidi. Usinipe habari za watu usiowajua, Hashil. Miaka yote wamekwenda wazi, dunia haikuanguka. Leo, siku ya Mama, ndiyo unakuwa mlinzi?"

"Ilimwangukia mmoja."

"La Raudha lilishapita."

Raudha hakuinua uso. Alikuwa anakunjua na kukunja ncha ya mtandio wake, ile iliyolowa alipomfuta bibi yake mdomo.

"Halijapita, mjomba Azzam," akasema. "Lakini msiniweke mie katikati. Bibi hakupenda baridi. Mkifungua sitasema kitu."

Azzam akamtazama kaka yake. "Umesikia mwenyewe. Hata mwenye jambo karidhia."

Hashil alikaa chini, kwenye saruji, na kanzu yake nyeupe. Alimfikiria mama yake, akamwona kama alivyokuwa asubuhi ile, anamkosoa chakula. Kisha akajaribu kuwafikiria hao wengine, ikawa vigumu, kwa sababu hawakuwa na nyuso. Walikuwa mistari tu. Alijua namna mistari ile inavyokaa: jina, umri, mtaa, neno moja la ugonjwa. Alikuwa ameisoma maisha yake yote na hakumwambia mtu. Kwa mara ya kwanza ilimpitia kwamba hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya duniani, kusoma na kunyamaza.

Akampigia Gaudens.

"Usifungue."

"Mzee, fikiria."

"Nimeshafikiria. Usifungue. Waambie Kawe na Kigamboni wasiombe upya, hata likikatika. Wakiacha kuomba, foleni itapungua yenyewe. Sisi tutakuwa wa mwisho, sawa. Mie ndiye niliyewaweka mlangoni."

"Kwetu, mzee, tungesema maiti si mgeni wa haraka," Gaudens akasema polepole. "Baba yangu tulimsafirisha mpaka Kamachumu, alilala mochwari na alilala barabarani, na tulimzika vizuri. Lakini nyie si hivyo. Ndiyo maana nakuuliza tena."

"Usiniulize tena, Gaudens. Ukiniuliza mara ya tatu nitakubali."

Gaudens akakata simu, akawapigia Kawe.

Azzam alikwenda kusimama mlangoni mwa chumba cha maiti, mgongo ukutani, kama mtu anayelinda zamu. Watu wa msiba walikuwa wanafika, wanatoa pole, wanauliza tunabeba saa ngapi, na Azzam anawaonyesha kwa kidevu waende kwa kaka yake. Hashil akawajibu wote kwa jibu lile lile: bado kibali. Alasiri ikaadhiniwa, wakaswali kwenye kibaraza cha hospitali, wakarudi kukaa. Edgar alikuwa anachungulia dirishani kila mara, anatikisa kichwa. Jua likaanza kuingia kwenye majani ya miembe ya ule upande wa pili wa ukuta. Mwishehe, mtunza maiti, mtu mnene wa maneno machache, akatoka na kufuli lake, akawatazama mmoja mmoja. Alisubiri zaidi ya kawaida yake, hilo kila mtu aliliona. Kisha akafunga.

Kibali kilifika watu wanatoa salamu ya Magharibi. Edgar alikuja mwenyewe mpaka kwenye mkeka kuwaambia. Ufunguo ulikuwa umeshaondoka na Mwishehe.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na wazee wa mtaa wa Azzam walisema kaburi halilali tupu. Wakatafuta mgomba, wakaulaza ndani, wakaufukia kidogo. Azzam ndiye aliyeushusha. Hashil alinyoosha mikono kuupokea kwa upande wa miguu, Azzam akasema, "Acha. Nimeshaushika."

Asubuhi ya Jumamosi wakamtoa Bi Khulud, wakamwosha, wakamswalia, wakamzika mahali pale pale baada ya kuuondoa mgomba. Wanawake waliomwosha walisema maji ya moto yalichelewa kumfanya alainike. Mmoja wao alilisema hilo mbele ya Hashil bila kukusudia.

Gaudens alikuja mazishini na Bupe, wamevaa nguo za kanisani, wakakaa nyuma. Watu walipotawanyika akamsogelea Hashil.

"Nilikuwa na kidole juu ya kitufe," akasema. "Mara mbili. Sijui kama nilifanya vyema kuacha."

"Hata mie sijui," Hashil akasema. "Umekula? Ingieni ndani mle, wali upo."

Baada ya arobaini, Azzam aliuza duka la Temeke akahamia Tanga kwa wakwe zake. Hupiga simu sikukuu, huongea na Raudha. Raudha hajaolewa, anashona nguo za harusi nyumbani kwa Hashil na ana wateja mpaka Segerea. Yazid alioa mwanamke mwingine, wana mtoto mmoja. Edgar aliacha hospitali, sasa anauza vifaa vya simu. Mwishehe bado anafunga jua likizama. Benedicta aliitwa na wenye hospitali waliotaka kufuli liondolewe kwa sababu ya ucheleweshaji. Akamwita Hashil aseme, Hashil akasema libaki, na kadi ikanunuliwa mwisho wa mwaka. Jumbe anafunga mafaili sasa bila kuhema, na mafaili madogo yanakusanywa, yanabanwa kuwa moja, ndipo yanafungwa na kutumwa kwa salamu moja. Gaudens ndiye msimamizi wa chumba cha mashine. Hashil alistaafu kabla ya kadi kufika. Siku za Ijumaa anaswali msikiti wa Temeke, ulio karibu na makaburi alikozikwa mama yake, kisha anarudi Kinondoni kwa miguu mpaka anapochoka, halafu anapanda bodaboda.